Machujio 60, mikutano mitatu, na ndoo ambayo hakuna aliyeifuata

Swali la msomaji: "Sisi ni vijana wanne: wahandisi wawili, mtaalamu wa afya ya jamii na mbunifu wa bidhaa. Tulitengeneza chujio la maji la chungu cha udongo linalokaa juu ya ndoo yenye koki, tukaligawa bure kwa kaya 60 katika mtaa wa wapangaji wa kipato cha chini mjini. Kabla ya hapo tulifanya mikutano mitatu, wakazi wakalisifu na kutia sahihi. Miezi mitano baadaye tumekuta 11 tu yanatumika. Wafadhili wanasema tuongeze elimu kwa jamii. Tulikosea wapi? Kubuni pamoja na wakazi maana yake hasa ni nini? Na je, wanaoshiriki tuwalipe?"

Nianze na wafadhili wenu, maana wao wamekosea kuliko ninyi. Kaya 49 zilizoliacha chujio hazina upungufu wa elimu. Zimelitumia, zimelipima na maisha yao ya kila siku, zikatoa hukumu. Tangu mradi uanze hamjapata taarifa yenye thamani kama hiyo, na mkiifukia chini ya semina ya kunawa mikono hamtaipata tena.

Sasa ile mikutano. Mlikwenda na kitu kilichokwisha kutengenezwa, mkawauliza watu wanakionaje. Mgeni amekuja na kitu cha bure, amekiweka mbele ya watu, viongozi wa mtaa wamekaa pembeni yake; nani atasimama aseme hakifai? Waliwapa heshima ya mgeni, ninyi mkaiandika kwenye ripoti kwa jina la ushirikishwaji. Msione haya sana, wengi wetu tumepita hapo. Siku hizi nina kipimo kimoja: baada ya kikao narudi kwenye mchoro na kuangalia ni mstari gani umefutwa. Kama haukufutwa hata mmoja, najua nilikwenda kutangaza bidhaa.

Chujio lenyewe si baya. Fernando Mazariegos alilibuni Guatemala mwaka 1981 akitaka kitu ambacho wafinyanzi wa kawaida wangeweza kukitengeneza, na chungu kilichochomwa vizuri huzuia sehemu kubwa ya bakteria. Ila kina tabia zake. Hutoa lita 1 hadi 3 kwa saa, na kasi hiyo hushuka kadiri maji yanavyopungua ndani yake na vitundu vyake vinavyoziba. Familia ya watu 6 inahitaji si chini ya lita 12 za kunywa kwa siku. Zinapatikana, mradi awepo mtu wa kujaza chungu mara mbili au tatu. Kama watu wazima wote wanatoka alfajiri na kurudi jioni, chungu hujazwa mara moja tu, na mtoto mwenye kiu jioni hangoji matone.

Halafu nawauliza ninyi mlioingia katika vyumba vile: saa nne usiku chujio linakaa wapi? Katika chumba kimoja cha kupanga, ile sehemu ya sakafu mliyoiona tupu mchana ndiyo inayotandikwa godoro usiku. Chombo cha udongo chenye maji kikihamishwa kila jioni, siku zake zinahesabika. Kitapasuka, au kitapandishwa juu ya kabati ambako hakuna atakayekumbuka kukijaza. Usiku mmoja wa kukaa na familia moja, kwa ruhusa yao, ungewaonyesha hilo kabla hamjafinyanga chungu cha pili.

Swali lililotangulia lile la chujio, yaani maji yanachafukia wapi, naona hamkuliuliza kabisa. Mlidhani jibu mnalo.

Niwaeleze mtaa mmoja niliofanya kazi. Mamlaka ya maji ilisema maji yake ni safi na vipimo inavyo. Wakazi walisema maji yanawaharisha watoto. Kila upande ulimwona mwenzake mwongo. Tukachukua vidonge vya kupimia klorini, ile dawa inayotiwa majini kuua vijidudu; vidonge vyenyewe huitwa DPD: unachota maji kwenye kichupa, unatia kidonge, na kama klorini ipo maji yanageuka rangi ya waridi, ikiwa nyingi rangi inakolea. Tukaamua kufuata ndoo moja kutoka bombani hadi mdomoni, na wakazi kama kumi wakatufuata. Kwenye kioski waridi lilikolea. Kwenye pipa la mkokoteni likafifia kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Tulipofika chumbani, kwenye dumu alilotoka kujaza mama mwenye nyumba, kichupa kilibaki cheupe.

Mama yule alikinyanyua kichupa akakitazama kwenye mwanga wa mlango. Kisha, bila kuombwa, akamimina maji yote ya dumu kwenye beseni, akaingiza vidole viwili mdomoni mwa dumu na kuvitoa vikiwa na utelezi. Mkono wake haukupita. "Nitalioshaje?" akauliza.

Sisi wataalamu tunapenda vyombo vyenye mdomo mwembamba kwa sababu mtu hawezi kuchovya kikombe wala mkono ndani yake. Ni ushauri sahihi. Lakini mdomo unaouzuia mkono mchafu unauzuia pia mkono unaotaka kusugua, na ule utando wa kuteleza ndani ya dumu huimaliza klorini iliyokuwa iyalinde maji hadi jioni. Swali la neno moja tu, "nitalioshaje", lilifuta nusu ya mchoro wetu. Badala ya kichujio cha nyumbani, wakazi walipendekeza pembe ya kuoshea madumu palepale kwenye kioski: kokoto ndogo safi, maji kidogo yenye klorini, unafunga, unatikisa kwa nguvu, unamwaga, unasuuza, ndipo unachota. Gharama yake ilikuwa ndogo mno, na mfadhili aliona aibu kuipiga picha.

Hilo wala si la mtaa mmoja. Mwaka 2004 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti 57 zilizolinganisha maji ya kwenye chanzo na yaleyale yakiwa yamehifadhiwa nyumbani, na katika sehemu nyingi ubora ulishuka baada ya kuchota. Shirika la Afya Duniani linataka maji yabaki na angalau miligramu 0.2 za klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu, kwa lita yanapofika kwa mtumiaji, na 0.5 baada ya dakika 30 za kuyatibu. Kipimo kinachoonyesha hivyo hakihitaji maabara wala shahada. Wapeni wakazi vidonge, wapime wenyewe, waandike wenyewe. Mtu akiiona rangi inapotea kwa macho yake, mjadala unahama kutoka "nani mwongo" hadi "imepotelea wapi".

Hapa niweke breki kidogo, maana wapo wanaoisikia habari ya kubuni pamoja wakadhani kila kitu kinapigiwa kura. Floridi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi majini, haina ladha ya kumshtua mtu, na kikomo chake ni miligramu 1.5 kwa lita. Aseniki, ambayo ni sumu, haina rangi wala harufu, na kikomo chake ni miligramu 0.01. Bangladesh ilijifunza hilo kwa uchungu: tangu miaka ya 1970 visima vya mabomba vilichimbwa kwa wingi ili watu waache maji ya madimbwi, na watu walivipenda kweli, maji yalikuwa baridi na maangavu. Miaka ya 1990 ndipo ilipobainika kwamba visima vingi vilitoa aseniki. Mikutano elfu ya wakazi isingeigundua. Chungu chenu hakiondoi floridi wala aseniki, klorini haiviondoi, na kuchemsha huvizidisha kwa sababu maji hupungua, vyenyewe vikabaki. Kwa hiyo kama mtaa wenu unatumia visima, vipimo vya maabara vinatangulia mazungumzo yote, na majibu yanasomwa hadharani kwa lugha inayoeleweka, hata yakiwa mabaya. Kazi ya mtaalamu katika meza hii ni kusema mapema kipi hakijadiliwi na kwa nini, ili yote yaliyobaki yajadiliwe kwa uhuru.

Tuje kwa watu. Mliandika "jamii ilikubali". Jamii gani? Katika mtaa wa wapangaji kuna mwenye nyumba ambaye bomba liko kwa jina lake, mpangaji anayelipa maji ndani ya kodi bila kuiona ankara, muuza maji anayeishi kwa uhaba, na msichana anayepanga foleni kabla ya shule. Wanne hao hawatakaa kikao kimoja wakasema ukweli mmoja. Mpangaji hatamkosoa mwenye nyumba mbele yake, na msichana hataitwa kabisa. Mtawafuata mmoja mmoja, kwa saa zao.

Wauza maji hasa msiwaruke. Mchora ramani hodari kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi alikuwa msukuma mkokoteni. Alichora mtaa mzima kwenye vumbi kwa kijiti: bomba linapita hapa chini ya mtaro, limepasuka hapa, Jumanne maji yanakuja usiku wa manane upande huu, upande ule hayafiki mpaka valvu ile izungushwe. Mchoro wa ofisini haukuwa na hata nusu ya hayo. Maelezo yake kuhusu mtaro yalitupa pia jibu la kitaalamu: maji yanapokatika presha inashuka ndani ya bomba, na penye ufa bomba hufyonza kilicho nje yake. Yakirudi, ndoo za kwanza zinabeba maji ya mtaro. Wakazi walikuwa wakimwaga ndoo mbili za mwanzo miaka yote, na wataalamu waliowaona wakiwaita wafujaji.

Simaanishi kila muuza maji ni rafiki. Wapo wanaoushika mtaa mateka, na mradi wa kuwapunguzia kipato utakatwa bomba usiku. Ndiyo sababu nyingine ya kuwaita mapema na kuuliza waziwazi: mradi huu ukifanikiwa, wewe utakula wapi? Baadhi yao ndio wasimamizi wazuri wa vioski baadaye, maana kuhesabu ndoo na chenji wanajua.

Tena punguzeni ukubwa wa hilo neno jamii. Akhtar Hameed Khan alipoanza mradi wa Orangi, Karachi, nchini Pakistan, mwaka 1980, suala lilikuwa maji taka, na hakuanza na mtaa mzima. Alianza na kichochoro, nyumba 20 hadi 40 zinazotazamana, kila kichochoro kikichagua mtu wake, kikichanga fedha zake na kusimamia mfereji wake, huku wataalamu wakileta vipimo na michoro iliyopunguza gharama. Watu wa kichochoro kimoja wanajua nani hajalipa na kwa nini. Kwenye mkutano wa watu mia tatu hakuna ajuaye. Kwa kaya 60 zenu, vichochoro viwili vingetosha kuanzia.

Mkifika kwenye usanifu wenyewe, ingieni na vitu vinavyoweza kubadilishwa mbele ya watu. Chokaa ya kuchorea chini, matofali yasiyojengewa, bomba lililofungwa kwa kamba kwenye mti. Leteni ndoo zenye maji, na wale wanaochota kila siku, mjamzito na mzee wakiwemo, wanyanyue. Koki ya kujazia inakaa urefu gani? Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, na sehemu ngumu ya safari ni kuipandisha kutoka chini hadi kichwani. Jukwaa la pili, la kimo cha kifua, la kuegeshea ndoo kabla ya kujitwika, sijaliona kwenye mchoro wa mhandisi asiyechota maji. Nimeliona likidaiwa kila mara wachotaji wanapopewa matofali wapange wenyewe.

Na fanyeni hesabu pamoja nao, hapohapo chini. Koki inayotoa lita 10 kwa dakika inajaza ndoo ya lita 20 kwa dakika 2. Ongeza nusu dakika ya kubadilishana, unapata ndoo 24 kwa saa. Kaya 100 zikitaka ndoo 3 kila moja kati ya saa kumi na moja na saa moja asubuhi, ni ndoo 300 kwa saa mbili, 150 kwa saa, kwa hiyo koki 6 zinazidiwa na unahitaji 7. Mradi wenye koki 2 unaofunguliwa saa mbili asubuhi umeshashindwa kabla ya kuzinduliwa. Hapo wakazi wana nafasi ya kuchagua kweli: koki zaidi, au tangi la kujazwa usiku, au zamu za vichochoro, kila kimoja na gharama yake imeandikwa mbele yao. Nimewahi kuona kundi likichagua zamu, nikadhani ni kosa, na zamu zikafanya kazi vizuri kuliko tangi nililolipendekeza. Mamlaka za takwimu za kimataifa huhesabu huduma ya msingi kuwa safari isiyozidi dakika 30, kwenda, kurudi na foleni. Kwa aliyepanga foleni gizani hiyo bado ni ndefu.

Fedha ndipo miradi mingi mizuri inapofia, na ndipo wakazi wanapoachwa nje kwa kisingizio kwamba mambo ni magumu. Chukueni bei ya ngazi, ile ambayo anayetumia zaidi analipa zaidi kwa kila uniti. Inasikika kuwa ya haki kwa maskini. Lakini kaya 10 zinazochangia mita moja, kila moja ikitumia meta za ujazo 6 kwa mwezi, zinaonekana kwenye ankara kama mteja mmoja mwenye meta 60, na hutozwa kama mtu mwenye bwawa la kuogelea. Soweto, Afrika Kusini, jambo la jinsi hiyo lilifika Mahakama ya Katiba. Katika eneo la Phiri jiji la Johannesburg lilifunga mita za kulipia kabla na kutoa lita 6,000 za bure kwa mwezi kwa kila kiwanja. Ukigawa kwa siku 30 na watu 8, kila mtu anapata lita 25. Kiwanja kikiwa na watu 20, kila mmoja anabaki na lita 10. Mwaka 2009, katika kesi ya Mazibuko, mahakama iliupa ushindi upande wa jiji. Sheria ilikuwa imesema lake, lakini hesabu ya kiwanja dhidi ya watu waliomo ilibaki pale pale, na ni hesabu ambayo mpangaji yeyote angemfanyia mhandisi kwa dakika moja kama angeulizwa.

Upande wa pili ni Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Mwaka 1993, Ek Sonn Chan alipokabidhiwa mamlaka ya maji ya jiji hilo, zaidi ya asilimia 70 ya maji yaliyozalishwa hayakulipiwa: yalivuja, yaliibwa, au ankara hazikukusanywa. Baadaye kiwango hicho kilishuka hadi karibu asilimia 6, na kaya maskini ziliruhusiwa kulipa ada ya kuunganishiwa kidogo kidogo. Mkazi aliyekuwa hawezi kutoa ada yote kwa mkupuo aliweza kulipa bomba la nyumbani kwake. Nalitaja kwa sababu vikundi kama chenu hupenda kuikwepa mamlaka ya maji na kujenga kitu cha pembeni. Mnaweza kuwa na haki ya kuikasirikia. Hata hivyo wapangaji wenu wakiamua pamoja kwamba wanataka bomba na malipo ya awamu, kazi yenu inakuwa kuwasindikiza hadi dirishani mwa ofisi, mkiwa na orodha ya kaya na mchoro wa kichochoro, na chungu kinasubiri.

Sasa mfanye nini na machujio 60? Rudini nyumba kwa nyumba, bila kamera na bila fomu ya kutia sahihi. Anzeni na zile 49, na msiulize "kwa nini hamtumii", swali hilo lina kidole ndani yake. Ombeni kuonyeshwa maji ya kunywa ya leo yamekaa wapi. Sitashangaa mkikuta nyumba kadhaa zimeondoa chungu na kubaki na ile ndoo ya chini, yenye kifuniko na koki. Kwenye daftari lenu mmeiandika kuwa chujio limeachwa. Mimi ningeiandika kuwa mwenye nyumba ameusahihisha mchoro: ameacha sehemu inayochelewesha maji na kuvunjika, akashika sehemu inayozuia mikono na vikombe kuingia ndani. Tieni klorini ya kipimo sahihi kwenye ndoo hiyo, mkapime pamoja asubuhi inayofuata kama waridi bado lipo. Harufu ya klorini wataisema wenyewe; kipimo kitapangwa pamoja nao bila kushuka chini ya kikomo. Maji yakiwa na tope, yaachwe yatuame na kuchujwa kwanza, maana tope huila klorini na kuwaficha vijidudu.

Kisha wale 11. Huko tafuteni wana kitu gani wengine hawana. Huenda ni bibi anayeshinda nyumbani na kujaza chungu kila saa. Mkikuta hivyo, mmejua chujio linamfaa nani, na hakuna ubaya kulitengeneza kwa ajili ya nyumba za aina hiyo tu.

Kuhusu malipo: lipeni. Ninyi wanne mnalipwa, au angalau mnapata shahada na jina. Mtu anayepima klorini kila alfajiri kwa wiki sita, anayechora ramani, anayeacha mkokoteni nusu siku kuwazungusha, anafanya kazi, na kazi ina ujira. Kiwango kijulikane kwa wote na kisiwe posho ya siri ya viongozi. Kuhudhuria kikao tu sitalipia, kwa sababu mkianza hivyo mtajaza ukumbi na kurudi kulekule kwenye zile sahihi za mwanzo; nitalipia nauli, chakula na mtu wa kuwaangalia watoto. Na katika bajeti ijayo wekeni fungu moja ambalo wakazi wanaweza kulitumia kuajiri fundi wao wa kurekebisha koki bila kuwapigia ninyi simu. Wafadhili watauliza fungu hilo ni la nini. Waonyesheni kichupa cheupe.